Nguo za kila siku kwa mwanaume anayeikaribia arobaini: kipi kinunuliwe kwanza

Mwili wa mwanaume wa miaka 38 si ule wa 25. Kitambi huanza kuchomoza hata kwa asiye mnene, mabega huelekea mbele kwa sababu ya kukaa sana, na kiuno huongezeka huku miguu ikibaki vilevile. Akinunua mitindo ya vijana, inambana pasipotakiwa. Akikimbilia saizi kubwa, nguo inampwaya mabegani na kumzeesha. Tumezipanga nguo hizi kwa kigezo kimoja: ipi ikichaguliwa vizuri itavaliwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchakaa. Jina lililoshonwa kifuani hatukulihesabu.

Kwanza kabisa, tafuta futi ya utepe, ile ya fundi cherehani. Chukua suruali inayokukaa vizuri kuliko zote, ifunge kifungo, ilaze mezani, kisha pima kiuno (kizidishe mara mbili, maana umepima upande mmoja), upana wa paja chini kidogo ya msamba, urefu wa mbele kutoka msamba hadi juu ya kiuno, na upana wa mdomo wa mguu. Andika namba hizo kwenye simu na uende nazo dukani. Lebo inayosema 34 mara nyingi imebandikwa kwenye suruali ya inchi 35 au 36, na suruali mbili za rangi tofauti kutoka meza moja zinaweza kupishana. Futi inamaliza ubishi huo.

1. Jinzi ya bluu iliyokolea, mguu ulionyooka

Inakwenda na shati, tisheti, raba na buti, na haitaki pasi. Ndiyo maana iko juu.

Uzito wa kitambaa cha jinzi hutajwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Tafuta 12 au 13, yaani takriban gramu 400 hadi 440 kwa mita ya mraba; kwenye joto kali, 11 inatosha. Ikishuka chini ya 10 huwa laini na tamu mkononi tangu siku ya kwanza, lakini magoti hutokeza mapema. Lebo nyingi hazitaji uzito, hivyo kamata kitambaa cha pajani kwa vidole viwili ukikunje: kizito hutoa mkunjo mmoja mnene wa duara, chepesi hulala kama shati. Spandeksi asilimia 1 au 2 inamsaidia mwenye mapaja manene. Ikizidi hapo, kitambaa hulegea magotini na makalioni, na joto la pasi au mashine ya kukaushia huiua lastiki hiyo haraka zaidi.

Sasa igeuze ndani nje na uangalie msamba, maana asilimia kubwa ya jinzi hufia hapo. Ni mahali mishono minne inapokutana. Kitambaa chenyewe huanza kuisha sentimita 2 au 3 pembeni ya mshono, upande wa paja, kwa sababu ya kusuguana wakati wa kutembea. Mwenye kutumia suruali yenye mbele fupi huharakisha balaa hilo: anapokaa, msamba wote huvutwa juu na kukazwa kama ngoma. Kwa mtu wa kimo cha kati, mbele isiwe chini ya sentimita 25. Sentimita 27 hadi 29 inakaa vizuri juu ya nyonga na haiteremki chini ya kitambi. Mishono ya ndani ya miguu na ya makalioni iwe imekunjwa mara mbili na kupitishwa mistari miwili ya uzi, si kupigwa ovaloki peke yake.

Ukiivaa kwa miezi kadhaa, kila baada ya kuifua inyanyue kwenye mwanga. Ukiona sehemu ya msamba imeanza kutoa nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, mpelekee fundi siku hiyohiyo aweke kiraka chembamba cha pamba kwa ndani na kupitisha cherehani mara nyingi juu yake. Kikiwekwa kabla ya tundu, hakionekani na suruali inadumu muda mrefu tena. Kikisubiri tundu, kitaonekana daima.

Vile vibati vya shaba kwenye kona za mifuko vilibuniwa kwa tatizo kama hili. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alichoshwa na mifuko ya wafanyakazi iliyokuwa ikichanika konani. Yeye na Levi Strauss walipata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya kuzikaza kwa vibati tarehe 20 Mei 1873. Leo pembe hizo zaweza kukazwa kwa mshono mfupi mnene badala ya kibati, na unafanya kazi ileile. Muhimu ni kwamba kimojawapo kiwepo.

Achana na jinzi iliyochanwa au kusuguliwa kiwandani hadi mapaja yakawa meupe. Rangi ya nili hukaa juu ya uzi na kuacha kiini cheupe, kwa hiyo kila ulipo weupe uzi umekwisha kulika. Unalipia nguo iliyotumiwa nusu. Usuguaji huo una aibu nyingine pia: wafanyakazi waliopulizia jinzi mchanga walipata ugonjwa wa mapafu usiopona, na Uturuki ikapiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Mdomo wa mguu uwe sentimita 18 hadi 20 ikilazwa. Na usiongeze pesa kwa ajili ya ule ukingo wa kitambaa wenye uzi mwekundu. Unaonyesha aina ya mtambo uliofuma, hauthibitishi kwamba kitambaa ni imara.

2. Shati la oksfodi, jeupe au bluu ya mawingu

Kitambaa cha oksfodi hufumwa kwa nyuzi mbili za wima zinazopita pamoja juu na chini ya uzi wa mlalo. Ukilisogeza karibu na jicho utaona vijiraba vidogo kama vya mkeka. Ufumaji huo hulipa shati mwili: halionyeshi fulana ya ndani, halishikamani na tumbo, na makunyanzi yake hayana fujo. Ndiyo sababu tunaliweka mbele ya popilini, ambayo ni nyembamba na inadai pasi kila asubuhi.

Bega ndilo la kuangalia kwanza. Mshono wa bega uishie juu ya mfupa pale mkono unapoanzia. Ukiteremka hata sentimita 2, liache, kwa sababu kurekebisha bega ni kulifumua shati zima, na mafundi wengi watalikataa. Kiuno na urefu wa mikono hurekebishika kirahisi.

Kisha kaa chini. Kila chumba cha kujaribia kingekuwa na kiti, maana shati likijaribiwa kwa kusimama peke yake linadanganya. Ukikaa, angalia kifungo cha tatu na cha nne kutoka juu na vile vya tumboni. Kitambaa kikifunguka kati ya vifungo kama mdomo, au mistari ikitoka kwenye kifungo kuelekea pembeni, unahitaji saizi ya juu na kisha fundi akupunguzie mbavuni. Kama hulichomekei, upindo uishie katikati ya zipu ya suruali. Likifika chini yake linafupisha miguu. Likiishia kwenye mkanda, tumbo litaonekana ukinyanyua mkono.

Hesabu mishono kwa rula: shati zuri lina kama 7 kwa sentimita moja, la haraka lina 4, na huko ndiko hufumuka. Minya kola kati ya vidole na uisugue. Kola nyingi hubandikwa kitambaa kigumu cha ndani kwa gundi na joto. Gundi hafifu huachia baada ya kufuliwa, kola ikajaa mapovu ambayo pasi haiyaondoi. Pamba isiyofuliwa kiwandani inaweza kunywea asilimia 3 hadi 5, hivyo mkono wa sentimita 64 unaweza kupoteza 2 au 3. Nunua mkono ambao kwanza unafika chini kidogo ya kifundo.

3. Viatu: raba ya ngozi, halafu buti fupi

Wengi wangeviweka kwanza. Tumevishusha hadi hapa kwa kuwa kiatu kizuri chini ya suruali mbovu hakiokoi kitu, ila kama jinzi na shati unavyo tayari, anzia hapa.

Raba iwe ya rangi moja, bila maandishi makubwa. Ikague pale soli inapokutana na ngozi: uzi uzunguke ukingo wote, na uvute kidogo kwa ukucha kuhakikisha si alama iliyochorwa kwenye mpira. Soli iliyobandikwa kwa gundi tu huanza kuachia mbele, pale kidole gumba kinapokunja kiatu. Jihadhari pia na kiatu kilichokaa stoo miaka mingi. Soli laini za poliurethani huozeshwa na unyevu wa hewa hata zisipovaliwa. Kiatu kinaonekana kipya, na siku ya kwanza barabarani soli inamomonyoka kama keki. Ibonyeze kwa kidole gumba kabla ya kulipa. Ikibaki na alama au ikitoa unga, rudisha.

Ngozi halisi ukiibonyeza hutoa makunyanzi membamba yanayopotea, na vinyweleo vyake havikupangika. Ile ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa hubaki bapa, baadaye hubanduka kama rangi ya ukuta. Kwa buti, tafuta iliyoshonewa utepe wa ngozi pembeni, ambao soli hushonewa juu yake. Soli ikiisha, fundi anaibadilisha bila kuumiza kiatu chenyewe.

Jaribu viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya kidole kirefu. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo; jasho linahitaji siku nzima kutoka kwenye ngozi, na ngozi iliyoloa hukunjika na kupasuka.

4. Kadeti, ambayo wengine huiita kaki

Kama uzito wako hupanda na kushuka, ipandishe hadi nafasi ya kwanza. Kadeti zuri huacha sentimita 2 hadi 3 za kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa katikati nyuma, na fundi anaweza kuongeza kiuno mara mbili kabla hakijaisha. Jinzi haina akiba hiyo. Igeuze uone: mshono uliokatwa karibu na uzi hautakuongezea hata nusu sentimita.

Kitambaa kiwe cha mistari ya mshazari, gramu 250 hadi 300. Mifuko ya pembeni ikifunguka kama masikio ukisimama, nyonga zimebanwa, hata kama kiuno kinafunga vizuri. Shika pia mfuko wenyewe kwa ndani. Viwanda hubana gharama hapo, funguo zikatoboa mfuko mwembamba wakati suruali bado nzima. Rangi ya udongo, kijani cha jeshi na bluu nyeusi zinatosha.

5. Tisheti nzito

Kitambaa cha gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba. Weka mkono ndani na uitazame kwenye mwanga. Ukiona mistari ya kiganja, iache. Shingo ivute kwa vidole viwili na uiachie: irudi palepale. Kwa ndani, kuwe na utepe uliopita juu ya mshono kutoka bega hadi bega. Kisha angalia mshono wa ubavu kutoka kwapani hadi upindoni. Ukiwa umeanza kwenda mbele dukani, ukifua utafika tumboni, kwa kuwa uzi uliosokotwa kwa nguvu hujaribu kujifungua na huipindisha fulana nzima.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta hutoa vidonge vidogo vya nyuzi vinavyong'ang'ania, kwani poliesta haikatiki vikadondoka. Chagua pamba iliyochanuliwa, yaani iliyopitishwa kwenye kitana kuondoa nyuzi fupi, na mikono iishie katikati ya msuli wa mkono wa juu.

6. Jaketi jepesi lisilo na bitana

La pamba nzito, mifuko mitatu, bega lililokaa sawa. Linaficha kitambi kuliko nguo yoyote hapa. Likiwa la zipu, chagua ya chuma. Meno hayaharibiki sana. Kinachochakaa ni kishikio, ambacho hupanuka na kupita bila kufunga. Kukiminya kidogo kwa koleo, upande mmoja baada ya mwingine, mara nyingi huirudisha kazini.

7. Fulana ya kola, sweta, kaptula

Fulana ya kola ni nzuri ikiwa kola yake haijikunji baada ya kufuliwa, na zisizojikunja si nyingi. Sweta iwe ya sufu nyembamba, shingo ya duara. Kaptula iishie juu ya goti kwa vidole vitatu, bila mifuko ya pembeni.

Kwenye mitumba mpangilio ni uleule, na kuna faida moja: kilichokuwa kinywee kimekwisha kunywea, namba unayopima ndiyo utakayobaki nayo. Weka macho msambani, kwenye viwiko na kwenye mkunjo wa kola, na uinuse kwapani. Harufu iliyonata kwenye poliesta haitoki.

Nyumbani, fua nguo zikiwa ndani nje kwa maji yasiyozidi nyuzi 30, anika kivulini, na usiruhusu dawa ya klorini iguse chochote chenye spandeksi. Jinzi mpya ifuliwe peke yake mara mbili za mwanzo kwa sababu itachuja, na usiivae na raba nyeupe hadi maji ya suuza yatoke meupe.