Uzoefu wangu: risasi za .22 na za milimita 9 kwenye shabaha, kwa upepo wa Dodoma

Nimelinganisha .22 LR (risasi ndogo za kipenyo cha inchi 0.22 hivi) za mwendo wa kawaida (kichwa cha greini 40, yaani gramu 2.6, karibu mita 325 kwa sekunde), .22 LR za mwendo mkali (karibu mita 375), na 9×19 za bastola, ndizo za milimita 9, za vichwa vya greini 115 na 124. Za .308, risasi kubwa za bunduki, nimeziacha, kwa karatasi iliyo mita 50 ni kuchosha bega na mfuko bure.

Chaguo langu ni .22 ya mwendo wa kawaida, ndani ya bunduki ya boliti, ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi. Wengi hukimbilia yenye kasi, lakini kwa mita 50 kasi hiyo inakuponza. Kwenye joto la mchana sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde. Risasi ya mwendo mkali hutoka ikiwa imeipita sauti, kisha hewa inaikaba mpaka inashuka chini yake kabla haijafika, na jinsi inavyokabwa ndivyo upepo unavyoisukuma zaidi. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huihamisha ya kawaida sentimita 2 na ushee, ile kali zaidi ya 3. Na Julai na Agosti hapa upepo haulali. Piga kabla ya saa tatu asubuhi. Nikiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, matundu matano ya kawaida yalikaa ndani ya sentimita 2.5, za mwendo mkali yalitawanyika hadi 4.

Adha ya .22 ni nta. Kichwa chake ni madini laini yaliyopakwa nta, na ukiacha boksi kwenye buti la gari mchana, nta inalainika na vumbi letu jekundu linaganda juu yake kama sukari kwenye kashata. Vumbi hilo linaishia kwenye mtutu na magazini. Usizimwage mfukoni, ziache kwenye boksi lake, kivulini.

Adha ya pili ni kutolipuka. Unga wa kuwashia umo ndani ya ukingo wa kitako, na mara nyingine haukuenea pote. Ikigoma, mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30, kisha itoe utazame alama ya pini. Alama ikiwa ya kina, kosa ni la risasi: izungushe nusu duara, ijaribu mara moja tu, ikikataa iweke kando. Alama ikiwa hafifu usilaumu kiwanda. Boliti yako ina uchafu au grisi iliyoganda.

Kwenye bastola ya .22 inayojipakia mambo yanageuka. Za mwendo wa kawaida huenda zikakosa nguvu ya kurudisha slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma) yote, ganda likanasa kwenye dirisha la kutokea. Hapo ndipo za mwendo mkali zinapopata kazi, na usitegemee kasi iliyoandikwa kwenye boksi: mtutu mfupi unaipunguza.

Za milimita 9 huwaka kwa uhakika zaidi, kwani kiwashio kiko katikati ya kitako, na kichwa kilichovikwa shaba hakishiki vumbi. Bei ndiyo inayouma, mara kadhaa ya .22. Kwa mita 25, mikono miwili, greini 124 zilinipa sentimita 8, 115 zikapita 10. Bastola yako huenda ikapenda kinyume, kwa hiyo nunua boksi moja la kila aina kwanza, na andika namba ya toleo. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama hapohapo: toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, angalia kama kichwa kimekwama mtutuni. Ya pili ikigonga hapo, mtutu unapasuka.

Bila leseni ya silaha huuziwi (Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, 2015), na pigia uwanja ulioruhusiwa. Kagua tuta lililo nyuma ya shabaha: hata .22 inaweza kufika zaidi ya kilomita moja, na vilima vyetu ni vya mawe, risasi inaruka kokote. Liwe la udongo mtupu.

Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chakula. Masizi yana madini ya risasi.