ResearchGate na WhatsApp kwenye utafiti, nilivyovitumia hapa Moshi

Nimemaliza disateshen yangu ya masta mwezi uliopita hapa Moshi, mada ilikuwa wakulima wa kahawa na vyama vyao vya msingi vya ushirika (AMCOS), na kuna watu inboksi wananiuliza makala nilizipata wapi bila kulipia, basi naandika hapa mara moja kwa wote.

Kilichonibeba ni ResearchGate. Ni mtandao wa kijamii ila wa watafiti, waliuanzisha madaktari wawili na mtu wa kompyuta mwaka 2008, makao yake yapo Berlin, Ujerumani, kujiunga bure. Utamu wake upo kwenye kile kitufe cha kuomba makala nzima. Jarida kubwa ukilifuata kwenye tovuti yake unaweza kuambiwa dola 30 na zaidi kwa makala moja tu, mwanafunzi aliyepanga chumba Soweto ya hapa Moshi anaitoa wapi jamani? Lakini aliyeiandika mara nyingi anaruhusiwa kukutumia nakala, wewe unaomba, akikubali inaingia kwako. Niliomba 17 nikapata 11, na mama mmoja mtafiti wa Kenya hakutuma makala tu, akaniambia mwanangu angalia na hii nyingine, hiyo nyingine ndo ikawa uti wa mgongo wa sura yangu ya pili. Ila usibonyeze kimyakimya, andika ujumbe, sema uko chuo gani unatafiti nini, watu wanajibu wakiona kuna mtu.

Nyingine utakuta hazipo, usishangae. Wachapishaji wa majarida, Elsevier na wenzao wa ACS, waliwashtaki ResearchGate 2017 kwa makala za majarida yao kuwekwa wazi mle, wakaja kuelewana 2023. Na ile RG Score waliyokuwa wanampa kila mtafiti waliiondoa 2022, naona walifanya vizuri sana, maana ilichanganya makala na kujibujibu maswali mle ndani ikatoka namba moja, sasa hiyo namba inapima nini?

WhatsApp sasa, na hapa nilikosea kabisa, mwenzangu usirudie. Dodoso niliweka Google Forms nikarusha linki kwenye magrupu mawili ya AMCOS, siku 3 nina majibu 60, nikaona kazi imeisha. Supavaiza akaangalia safu ya umri akaniuliza, "Wenye mibuni wako wapi humu?" Kweli bwana, karibu wote chini ya miaka 40, wengi ni watoto wa wakulima wanaishi mjini na wengine wako Dar kabisa, wamo kwenye grupu kwa ajili ya kumsomea baba matangazo. Nikachapa makaratasi nikapanda Uru, huko mlimani kwa wakulima wenyewe. Mzee mmoja nikamwamkia, nikajieleza, akasema "Mjukuu wangu, simu yangu hii ni ya kupiga na kupokea, hayo maswali nisomee." Nikamsomea palepale kihambani chini ya migomba, swali moja tu, la kwa nini kahawa yote haipeleki chamani, lilichukua dakika 40, na alichonieleza hakikuwepo kwenye machaguo yangu yote manne. Yale majibu 60 sikuyatupa, niliyaandika kama yalivyo, ya vijana wenye simu janja, na wazee nikawafuata kwa miguu. Kwa hiyo grupu litumie kuomba miadi na kujua nani yupo wapi, hapo linasaidia mno, sampuli usilitegemee.

Halafu ukishaweka jina lako mitandaoni, imeili zinaanza, "mtafiti mashuhuri tuletee makala". Kuna jarida moja, jina naliacha, lilinikubalia baada ya siku 2 bila marekebisho hata ya nukta, kisha likaleta bili ya dola. Sikulipa. Ukiletewa kitu kama hicho angalia kwanza kama jarida limo DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusoma bure yaliyokaguliwa, nenda na kwa mkutubi wa chuo ukamuulize, na ukiwa hapo muulize habari za Research4Life, vyuo vya nchi yetu vinafunguliwa makala nyingi bure kupitia huko, mimi nimekuja kujua nikiwa tayari nabandika marejeo.