KiliSun: mafuta yangu ya jua, mwaka wa nne sasa

Nauza nyanya na vitunguu gulioni Himo, na mimi ni mtu mwenye ualbino. Saa mbili asubuhi nimeshapanga mafungu, saa kumi na moja jioni ndiyo nafunga. Kwa hiyo haya mafuta nayaeleza kwa ngozi yangu mwenyewe, ngozi inayoshinda juani.

KiliSun yanatengenezwa hapa hapa Moshi, yalianzia kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, na yanagawiwa kliniki bure kwa watu wenye ualbino. Kinga yake ni SPF 30. Dada muuguzi alinieleza hivi: ukipaka inavyotakiwa, katika kila mia ya mionzi ile inayounguza, kama 97 inazuiwa. Hapo kwenye "inavyotakiwa" ndipo wengi wetu tunapokosea. Miaka yote nilikuwa napaka kidogo kidogo, kama mtu anayepaka mafuta ya mgando baada ya kuoga. Kumbe unatakiwa uchore mstari mnene kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, toka shina hadi ncha, na hayo ni ya uso na shingo tu! Mikono na miguu ina fungu lake.

Napaka kama nusu saa kabla ya kutoka, narudia kila baada ya saa mbili, na jasho likinitiririka sisubiri saa zifike. Sehemu ninazozikagua kwa makini ni nyuma ya masikio, kisogo pale kilemba kinapoishia, na juu ya nyayo. Siku moja nilisahau nyayo. Jioni nilipovua kandambili, mkanda ulikuwa umeacha alama nyeupe, pembeni yote nyekundu inawaka moto. Siku hiyo kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, na mawingu ndiyo yaliyonidanganya.

Kabla ya hapo niliwahi kununua losheni ya nje kwenye duka la vipodozi, shilingi 35,000, faida yangu ya wiki nzima. Imeandikwa SPF 50. Chupa zilikuwa zimepangwa dirishani, jua la mchana linazipiga moja kwa moja. Nilipofika nyumbani nikaifungua: yakatangulia maji, halafu zikafuata chembechembe kama maziwa yaliyokatika. Nikajipaka hivyo hivyo kwa kuionea uchungu hela yangu. Mabega yalibabuka, nililala kifudifudi siku tatu. Losheni ya jua huharibiwa na joto, kwa hiyo namba kubwa kwenye chupa haikusaidii kama chupa yenyewe imepikwa. Angalia imehifadhiwa wapi, na angalia tarehe ya kuisha muda. Yangu naiweka chini ya meza, ndani ya ndoo yenye kitambaa kibichi.

Jambo jingine ninalolisifu ni kwamba siku ya kuchukua mafuta unakaguliwa ngozi, kichwani hadi miguuni. Mwaka juzi walinikuta na kidoa chenye magamba kwenye ncha ya sikio. Mimi nilidhani ni ukavu tu. Wakakigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, kikachoma kama kaa la moto kwa muda mfupi, kikakauka, kikadondoka. Kaka yangu, naye mwenye ualbino, kidonda chake cha saratani kilianzia hapo hapo sikioni. Alilima kwa kofia ya kapelo isiyofunika masikio, mafuta ya nazi ndiyo aliyoyaamini, na mafuta ya nazi hayakingi jua. Tulimzika akiwa na miaka 34.

Wapo wanaoniuliza kama kujikinga hivi hakutaninyima vitamini D, maana watoto wetu tunawaotesha jua la asubuhi wasipate matege. Mwanangu nilimwotesha, ngozi yake ni nyeusi. Sisi ngozi yetu hutengeneza vitamini hiyo upesi, na jua dogo tunalolipata njiani linatutosha.

Msiyategemee mafuta peke yake. Mimi navaa mikono mirefu ya kitambaa kizito na kofia pana inayotia kivuli hadi shingoni, na kuanzia saa nne hadi saa kumi sitoki chini ya mwavuli. Wateja wananifuata kivulini.

Na mama mwenye mtoto mwenye ualbino, nakuomba: jirani akija kuomba mafuta ya mtoto, "kidogo tu ning'ae", mkatalie. Wanadhani ni mkorogo wa kung'arisha. Kwangu walikuja wawili mwezi huu. Nikawakaribisha chai, nikawaonyesha sikio langu, na mafuta yakarudi kwenye ndoo.