Spika zenye amplifaya ndani kwa ukumbi wa Unguja na Pemba: ipi ya kwanza, ipi ya baadae

Wenzangu mnaotaka hom thieta ya maana, sio sabufa yenye taa za rangi, nakusudia spika tano au saba za kukaa nazo miaka, kabla hujatoa pesa elewa kitu kimoja. Spika ya bila waya haina waya wa sauti tu, wa umeme inao. Kila moja ina amplifaya yake ndani kwa hiyo kila moja inataka soketi yake, 5.1 (spika tano na sabufa moja) ni soketi sita, ukitia na nne za juu za Atmos, yaani mfumo wa sauti inayotokea juu yako pia, ni kumi, bado TV na prosesa, kile kifaa kinachopokea sauti ya filamu na kuigawa kwa kila spika, na kumbi zetu nyingi zina soketi mbili tatu basi. Mtu wa mwanzo wa kumwita ni fundi umeme, muuza spika baadae. Akuvutie laini mbali na ya AC na friji, na ahakikishe athi imeshuka kweli ardhini, maana athi mbovu ndio inayoleta ule mvumo wa "mmmm" kwenye spika halafu watu wanailaumu spika bure.

Haya, mpango wangu mie huu.

Ya kwanza: spika za studio, Genelec za Finland au Neumann za Ujerumani, kwa waya wa XLR, ule wa studio wenye pini tatu. Najua utasema mbona waya tena. Lakini faida kubwa ya spika hizi sio kukosa waya, faida ni kuwa sauti inagaiwa, nyembamba mbali na nzito mbali, kabla haijafika kwenye amplifaya, na kila koni ina amplifaya yake iliyopimwa kwa ajili yake. Hiyo unaipata hata na waya. XLR haina programu ya kusasisha wala haitegemei waifai, miaka ishirini ijayo itakuwa vile vile, na spika moja ikifa unabadilisha hiyo moja, zilizobaki zinaendelea. Genelec nyingi zina mwili wa alumini kwa hiyo unyevu wa kwetu hauzivimbishi kama mbao za kubandikwa, na zile za aina ya SAM zinaingia kwenye programu yao ya GLM, unaweka maikrofoni pale unapokaa inapima chumba na kusawazisha wenyewe. Juu yake unahitaji prosesa. Mwenye uwezo achukue kitu kama Marantz AV 10 yenye chaneli 15.4 (spika 15 na sabufa nne), mwenye mfuko wa kati atizame miniDSP Flex HTx, inapokea chaneli 8 kwa HDMI eARC (tundu la TV la kutolea sauti), ila hiyo haifungui sauti iliyofungwa kwa Dolby, lazima TV au kifaa chako kitoe PCM, yaani sauti iliyokwishafunguliwa, hakikisha hilo kabla ya kununua.

Ya pili: WiSA, njia ya kurusha sauti ya chaneli nyingi kwa redio mpaka kwenye spika. Hii ndio bila waya ya kweli kwa mtu anaejali sauti, chaneli 8, 24-bit, haibanwi, inapita masafa ya 5 GHz na inachelewa milisekunde 5 hivi tu, midomo kwenye filamu haipishani na maneno. Bluetooth usiifikirie kabisa kwa kazi hii, inabana sauti na inachelewa. Wako Buchardt wa Denmark, wako Bang & Olufsen ambao Beolab 90 yao ya 2015 ina koni 18 na uzito wa kilo 137, hiyo kuipandisha ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe ni shughuli ya wanaume wazima. Nimeiweka ya pili kwa sababu WiSA imeshabadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo uliza kisambazaji (kile kinachorusha sauti) na spika ni za toleo moja au vipi.

Ya tatu ni seti za chapa moja zisizochanganyika, Sonos Arc Ultra (spika ndefu ya kukaa chini ya TV) na Era 300 mbili nyuma, au Sony Bravia Theatre Quad iliyotoka 2024 kwa dola 2,500 hivi Marekani. Sauti nzuri, kufunga ni rahisi, mwenye nyumba ya kukodi zinamfaa. Lakini huchanganyi na chapa nyengine, na maisha yake yamo kwenye programu ya simu.

Na hapa ndipo nyumba inapoamua. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, mita tatu hivi, sasa weka TV upande mfupi, spika mbili za mbele ziachane mita 2, ukae mita 2 kutoka kila moja, na za ubavuni ziwe nyuzi 110 hivi kutoka mbele yako, nyuma kidogo ya masikio. Usisukume kochi hadi ukuta wa nyuma, besi itajaa pale mpaka maneno yapotee. Spika zinazorusha sauti juu igonge dari irudi zinataka dari bapa, na dari ya boriti inaitawanya, kwa hiyo Sonos na Sony pale zinapoteza nusu ya walichokulipisha. Usitundike kitu kwenye boriti kongwe wala kutoboa chokaa, inamomonyoka, tumia stendi. Kuta zile zinarudisha sauti kali, zulia zito na mapazia yatakusaidia kuliko waya wa bei mbaya.

Vya kuletewa na jamaa kutoka Marekani soma kibandiko nyuma, kama kimeandikwa 120V peke yake kiache, kwetu ni 230V. Weka gadi ya umeme kwenye kila kitu na UPS kwenye prosesa. Mkaazi wa Pemba aulize jengine pia, amplifaya inafunguka kwa nyuma ikabadilishwa peke yake au spika nzima ipande meli, maana hiyo gharama ni yako.

Dukani usikubali kujaribishiwa filamu ya mabomu. Omba taarab ya zamani, ya Nadi Ikhwan Safaa kwa mfano, usikilize fidla na kanuni: kama fidla zote zimekuwa fidla moja, au kanuni inakuchoma sikio, nenda spika ya pili.