Redio ya bendi tatu yenye sola: maoni ya fundi cherehani wa Busia

Redio hii naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaieleza. Ni ile ndogo nyeusi yenye FM, masafa ya kati na masafa mafupi, kipande cha sola juu, tochi ubavuni na mahali pa kuchomeka memori kadi. Hapa Busia upande wa Uganda zimejaa madukani kwa majina mbalimbali, umbo lile lile. Yangu niliilipia shilingi 45,000 baada ya kijana wa duka kuanzia 60,000.

"Mama, hii inapiga nyimbo mpaka usiku wa manane," akaniambia.

"Nyimbo ninazo kwenye simu, mwanangu. Niwekee masafa mafupi nisikie."

Ilibidi atoke nayo nje, avute antena yote. Wateja wengi hawamuombi hivyo, na ndiyo sababu naandika.

Mimi nashona. Mikono na macho yana kazi kutwa, masikio hayana, kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu nchi yangu yaliingia kwa redio. Januari 2021 tulipiga kura tarehe 14. Jioni ya kuamkia siku hiyo intaneti ilizimwa nchi nzima, ikaanza kurudi tarehe 18. Facebook ilikuwa imeshafungwa siku moja kabla. Wale waliozoea kuniambia "redio ya nini siku hizi, mama, kila kitu kiko kwenye simu" walikuja kukaa kwenye benchi langu kusikiliza. Nchi inahesabu kura, na raia anategemea tangazo la upande mmoja tu! Tangu hapo redio naipima kwa jambo hili: nikizungusha kitufe toka mwanzo hadi mwisho, nasikia sauti ngapi zisizo na mkubwa mmoja?

Kwa FM inafanya vizuri sana. Sauti ni safi, haikwaruzi hata ukiongeza, na mpakani hapa tuna bahati ya kupata minara ya nchi mbili. Nasikia stesheni zetu, kisha naenda Radio Citizen ya Kenya kwa Kiswahili, halafu nalinganisha. Machi 2025, kwenye uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini, waandishi wa habari walipigwa na watu wa usalama mchana kweupe, wakanyang'anywa vifaa. Siku kama hiyo unataka kusikia habari kutoka zaidi ya mahali pamoja, kwa sababu aliyepigwa na aliyepiga hawawezi kusimulia sawa. Wala ng'ambo ya mpaka si salama daima. Tarehe 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya iliamuru redio na televisheni ziache kurusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ikazimwa, mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo siku ile ile. Siku hiyo jirani ndiye aliyezimiwa, kesho inaweza kuwa sisi. Ndiyo maana mwenye redio asifunge kitufe mahali pamoja.

Lakini FM ina udhaifu ambao hakuna fundi anayeweza kuurekebisha: mnara uko juu ya kilima kinachojulikana, na leseni iko mikononi mwa serikali. Septemba 2009 Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda wilaya ya Kayunga, Kampala ikawaka moto, na serikali ikazima CBS, redio ya ufalme wake, pamoja na Suubi FM, Radio Sapientia na Akaboozi. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka mzima! Watangazaji walikaa bila kazi, na Waganda wengi wakakosa stesheni waliyoizoea.

Mwaka huo huo bimeeza vikapigwa marufuku, na kwangu hili liliuma kuliko yote. Kwa asiyevijua: stesheni ilipeleka maikrofoni kwenye baa au uwanja, watu wakakaa mezani, wakajiandikisha, kila mmoja akapewa dakika zake kusema hewani, moja kwa moja. Cha Radio One kilifanyika Jumamosi pale Club Obbligato, Kampala. Nilikuwa Kampala nikijifunza kushona, na kwenye karakana yetu Jumamosi mashine zilipunguza kasi zenyewe. Mheshimiwa mbunge alisema, kisha akasimama mtu wa bodaboda akamjibu kwa hesabu ya mafuta na ushuru, na mheshimiwa ikambidi angoje zamu. Sijasikia tena kitu kama hicho. Vipindi vya kupiga simu vipo, lakini mtangazaji ana kidole kwenye kitufe, na stesheni nyingi za mikoani ni mali ya wanasiasa au marafiki zao.

Sheria tunayo. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 1995 kinataja uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari waziwazi, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo, kesi ya waandishi wa habari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda. Ila kesi hiyo ilitokana na habari ya mwaka 1997. Kufunga stesheni ni kazi ya jioni moja, kupata haki ni miaka.

Kwa hiyo masafa mafupi. Mawimbi yake hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana, hivyo mnara unaweza kuwa bara lingine kabisa. Usiku napata BBC ya Kiingereza bila taabu. Mchana hali ni ngumu, na kinu cha posho cha jirani kikianza kusaga husikii kitu ila mngurumo. Chaja ya simu nayo iweke mbali. Sogea nje, vuta antena yote, geuza redio polepole mpaka sauti ikae. Jambo la kusikitisha ni kwamba Sauti ya Amerika kwa Kiswahili, niliyoisikiliza miaka mingi, ilinyamaza Machi 2025 serikali ya Trump ilipowasimamisha wafanyakazi. Nayo ilikuwa na mwenye kulipa, na mwenye kulipa alichoka.

Sasa ile nyota. Kwanza, mshale wa kutafutia stesheni unalegea, na namba za masafa mafupi zimebanana hivi kwamba unene wa uzi mmoja unakuhamisha stesheni. Nimeweka alama kwenye kioo kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa za asubuhi, nyeupe kwa za usiku. Pili, sola ni dhaifu: kutwa nzima juani inakupa saa chache tu. Nunua zile betri tatu kubwa uziweke kando. Memori kadi sijaigusa.

Ukienda kununua, usikubali ifungwe kwenye mfuko kabla haijajaribiwa nje, kwa betri si kwa umeme, bendi zote tatu. Chagua ya mshale wa kuzungusha badala ya ile ya kujitafutia yenyewe, maana hiyo huruka stesheni dhaifu, na zilizo dhaifu ndizo unazozihitaji. Anayetaka ya FM peke yake kwa 20,000 namshauri aongeze pesa. Na betri azinunue mapema, wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, kwa sababu hapa Busia wakati ule bei yake hupanda.