Mama mbweha na msiba wake: nilivyoisoma The Fox Wife

Dada yangu alipofiwa na mwanawe wa miaka miwili, karibu kila aliyekuja matangani alimwambia, "Nyamaza mama, Mungu atakupa mwingine." Maneno hayo yalinirudia tangu nilipoanza The Fox Wife, riwaya ya Yangsze Choo iliyotoka mwaka 2024.

Msimulizi ni Snow, mbweha anayejigeuza mwanamke. Mtoto wake alifukuliwa pangoni na mwindaji aliyetumwa na mpiga picha fulani, akafa. Mama anafunga safari kumsaka huyo mpiga picha huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Ni mwaka 1908: vita vya Urusi na Japani vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, bandari ya Dalian iko mikononi mwa Wajapani, na Qing, ukoo wa kifalme unaotawala China, unayumba. Novemba hiyo mfalme Guangxu na malkia mjane Cixi walifariki, wakipishana siku moja.

Snow halii ovyo. Anakula, anatania, anatumikia bibi kizee katika nyumba ya wauza dawa ambako wazaliwa wa kwanza wa kiume hufa wakiwa vijana. Halafu, katikati ya habari ya kawaida kabisa, anamtaja binti yake. Hapo nilikuwa naweka kitabu chini kwanza.

Upande wa pili yupo Bao, mpelelezi mzee. Mtu akisema uongo, yeye anasikia mvumo. Anachunguza kifo cha mwanamke aliyekutwa ameganda kwa baridi mlangoni pa mgahawa mjini Mukden, huku anatabasamu. Sura za Bao zinakwenda taratibu, na katikati nilizichoka, lakini usiziruke. Utoto wake ndio unaoziunganisha hadithi hizi mbili.

Sisi wa pwani tumekua na habari za wanaume waliooa majini, ila siku zote anayesimulia ni mume au majirani. Hapa kwa mara ya kwanza nimemsikia mke mwenyewe, na uchungu wake ni wa mama yeyote aliyezika.

Kitabu ni cha Kiingereza, na dada hakisomi. Basi namsimulia jioni tukichambua mchicha, sura moja moja. Juzi aliacha mikono ndani ya ungo, akaniuliza, "Huyo mpiga picha, alimpata?"

Nikamwambia asubiri kesho.

"Kesho mbali," akasema. "Niambie leo."