TAHADHARI LUBUMBASHI: Mashini za CPAP zilizokwanguliwa namba

Jambo wandugu. Ujumbe huu naomba umfikie kila mwenye mzazi au mume anayekoroma hadi pumzi inakatika usiku, na daktari amemwambia atafute mashini ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia maski ukilala ili pumzi isikatike.

Kuna bwana hapa mjini anazungusha picha za mashini hizo kwenye WhatsApp. Anasema ni mpya, zimetoka Ulaya, na anataka nusu ya makuta kwa simu kabla hujaona kitu. Duka hana. Mnakutana barabarani upande wa komini ya Kenya, anatoa mashini kwenye mfuko, anaichomeka kwa jirani, hewa inavuma, unalipa iliyobaki, mnaachana.

Baba mkubwa wangu alinunua kwake kwa dola 600. Kwa kuwa mimi natumia CPAP tangu zamani, aliniita nimfungie maski. Niligeuza mashini kwanza nione chini, maana huko ndiko kunakaa lebo yenye modeli na namba ya seri. Lebo haikuwepo. Mistari ya wembe ilionekana kwenye plastiki na gundi ilikuwa bado inanata. Mbele, mahali pa jina la kampuni, kulibandikwa karatasi inayong'aa iliyoandikwa GARANTI. Nikaingiza kitambaa cheupe kwenye tundu la kutolea hewa, kikatoka na chembechembe nyeusi, laini, ukizisugua kwa vidole zinapaka kama masizi. Tulipompigia muuzaji akasema ni vumbi la mji. Vumbi la Lubumbashi tunalijua sote: ni jekundu!

Kwa nini mtu akwangue namba? Mwezi wa 6, 2021, kampuni ya Philips Respironics ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashini zake duniani, DreamStation za kwanza zikiwemo, zilizotengenezwa hadi tarehe 26 Aprili 2021. Ndani yake kulikuwa na sponji ya kupunguza kelele, nayo ikizeeka inamomonyoka, inatoa chembe nyeusi na gesi, na mgonjwa anavuta vyote usiku kucha. Nyingine zilitengenezwa upya, nyingine zikabadilishwa. Kuitambua iliyo salama ni kwa kuangalia ile namba ya seri. Mashini ya baba mkubwa siwezi kusema ni ya kampuni gani, kwa sababu huyu bwana ameondoa kila kitu ambacho kingetuambia.

Kwenye kioo nikafungua ukurasa wa masaa: zaidi ya 11,000. Mtu akilala masaa 8 kila usiku, hiyo ni karibu miaka 4 ya matumizi, na mashini hizi kwa kawaida huhesabiwa kudumu kama miaka 5. Ndiyo "mpya" yake.

Kilichoniuma zaidi ni maneno aliyomwambia mzee: "Haihitaji daktari, inajipanga yenyewe." Kumbe ilikuwa imefungwa kwenye nguvu ya hewa 17, mpango wa mgonjwa wa zamani. Karatasi ya daktari wa mzee imeandikwa 9. CPAP inaweza kwenda kutoka 4 hadi 20, na kipimo chako kinatoka kwa daktari baada ya kupimwa usingizi. Mzee alikuwa anaamka tumbo limejaa hewa, akidhani ndiyo dawa inafanya kazi.

Anauza pia kisanduku cha kusafishia mashini kwa gesi ya ozoni, eti kinaua vijidudu vyote. Msikichukue. Ozoni inachoma mapafu, na inaharakisha kuoza kwa ile sponji. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ilionya mwaka 2020 kwamba wakati huo ilikuwa haijaidhinisha visanduku hivyo kwa CPAP. Usafi hauhitaji makuta mengi: osha maski kila siku na mpira wa kupitisha hewa kila wiki, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, vikaukie kivulini. Filta iangaliwe mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Kwenye tangi la kutia hewa unyevu weka maji yaliyotoneshwa (eau distillée), umwage yaliyobaki kila asubuhi. Maji ya bomba hata ukiyachemsha, chokaa inabaki.

Na kwa sababu ya delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, anawaambia watu wafunge waya moja kwa moja kwenye betri ya gari. Betri ni volti 12, lakini kuna mashini zinazotaka 24. Bila kifaa cha kubadilisha kinachofaa modeli yako, usiguse.

Kabla ya kutuma hata franka moja, dai picha ya chini ya mashini, namba isomeke, na video ya ukurasa wa masaa. Namba hiyo uihakiki mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Akisema lebo ilipotea njiani, achana naye.

Kama ulishanunua kwake, usiizime tu ukanyamaza. Ichukue na karatasi zako uende kwa daktari aliyekupima, muamue pamoja utatumia nini wakati unatafuta nyingine. Nawaambia hasa wanaoendesha malori ya mpakani Kasumbalesa, maana pumzi ikikatika usiku, usingizi unakuja mchana kwenye usukani.

Muuzaji anabadilisha namba za simu, lakini karatasi ya GARANTI ni ileile. Ukiiona kwenye picha yoyote, mwambie mwenye kutaka kununua kabla hajalipa.